Umeme wa mawimbi: nani atabadilisha beringi?

Kabla waya wa umeme kutoka Tanga haujafika Pemba mwaka 2010, kisiwa chetu kiliwaka kwa majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, kando ya Chake Chake. Mimi ufundi nimeuanzia kwenye majenereta. Kazi ya kijana mgeni ilikuwa kufuta mafuta, kubeba filta, kushika tochi na kukaa kimya. Fundi wetu mkuu alikuwa mzee mpole, na kila kijana aliyeingia alimwambia maneno yaleyale: "Mwanangu, sikio kwanza, mkono baadaye." Ungemkuta ameweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye mwili wa mashine, mpini ameubana sikioni, macho kayafumba. Alikuwa anasikiliza beringi. Beringi ikianza kuchakaa hutoa mkwaruzo mwembamba ambao mtu wa kawaida hausikii ndani ya kelele zile. Yeye aliusikia siku nyingi kabla mashine haijakwama.

Namtaja mzee huyu kwa sababu ninayoandika leo ni habari ya umeme wa mawimbi ya bahari, na kila nikisoma juu ya mashine mpya ya kuvuna mawimbi namkumbuka yeye kabla sijatazama ni ya kilowati ngapi. Mashine hiyo ikishawekwa kisiwani na wataalamu wakapanda meli kurudi kwao, nani atakayeisikiliza? Vipuri vitafika kwa chombo gani, na msimu gani? Kwa miaka mingi nimefuatilia miradi ya namna hii, na sasa naamini kwamba visiwani swali hili huja kabla ya swali la nguvu ya wimbi lenyewe.

Kwanza tuone kwa nini watu wa visiwa wanahangaika. Jenereta ya dizeli iliyo katika hali nzuri hutoa uniti tatu na ushei kwa lita moja ya mafuta. Chukua kijiji cha nyumba 100, kila nyumba ikitumia wati 200 kwa wakati mmoja: taa, feni, televisheni, simu zinazochajiwa. Hizo ni kilowati 20. Ukiuendesha mzigo huo usiku na mchana utapata uniti 480 kwa siku, yaani lita 150 hivi za dizeli. Kwa wiki ni mapipa matano ya lita 200, na kila pipa limepakiwa bara, limevuka bahari, limeshushwa, limeviringishwa mchangani. Bei ya umeme ya mtu wa kisiwani ina ndani yake nauli ya mafuta yake.

Waya wa chini ya bahari huondoa adha hiyo. Ule wa Pemba una urefu wa kilomita 78 hivi, na sehemu kubwa ya gharama ililipwa na Norway. Lakini kisiwa cha watu elfu chache hakiwezi kusubiri waya wa namna hiyo, na hata kikiupata, waya nao hukatika. Unguja iliunganishwa na bara tangu mwaka 1980. Mwaka 2008 ilikaa gizani karibu mwezi mzima, kisha tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Watu wa mjini wanaikumbuka miezi ile: maji hayapandi kwenye matangi, samaki hawana barafu, kila duka lina kijenereta kinachonguruma barazani. Na muda wote huo bahari iliyotuzunguka ilikuwa ikipiga mwamba mchana na usiku bila kukatika.

Ami yangu alikuwa mvuvi wa Kojani, mtu wa kwenda dago miezi kwa miezi. Asubuhi moja ya shwari, upepo hakuna hata wa kutikisa kili, alinionyesha mawimbi marefu na laini yaliyokuwa yakiingia polepole, moja baada ya jingine, yameachana mbali. "Huko nje kuna upepo," aliniambia, "sisi tumeletewa salamu tu." Kaeleza sayansi yote. Upepo unapovuma juu ya maji hutia nguvu yake ndani ya wimbi. Kadiri unavyovuma kwa nguvu, kwa muda mrefu na juu ya eneo pana zaidi, ndivyo wimbi linavyokua. Likishakua husafiri maelfu ya kilomita likipoteza nguvu kidogo sana. Kwa hiyo pwani inaweza kupokea leo nguvu ya dhoruba iliyovuma siku kadhaa nyuma kwenye bahari ambayo hakuna mtu wa hapo aliyewahi kuifikia. Jua huzama na upepo hutulia, lakini mawimbi hayaachi ghafla.

Wahandisi wana njia nyepesi ya kukadiria nguvu hiyo. Chukua kimo cha wimbi kwa mita, ukizidishe kwa chenyewe, kisha uzidishe kwa sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi, halafu ugawe kwa mbili. Jibu linakuwa karibu sawa na kilowati zilizomo katika kila mita moja ya upana wa wimbi. Wimbi la mita 1 linalokuja kila sekunde 8 lina kilowati 4 kwa mita. Likiwa la mita 2 linakuwa na kilowati 16. Kimo kimeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne.

Naomba msomaji asiache hapo, aendelee na hesabu hadi kwenye dhoruba. Wimbi la mita 10 linalokuja kila sekunde 12 lina kilowati 600 kwa kila mita. Hiyo ni karibu mara 40 ya lile la mita 2. Mashine italipwa kwa umeme wa mawimbi ya kila siku, lakini lazima ijengwe iweze kusimama mbele ya wimbi la usiku mmoja ambalo halina faida kwa mtu yeyote. Chuma chote cha ziada, zege lote la ziada na nanga zote za ziada ni kwa ajili ya usiku huo. Miradi mingi ya mawimbi imefilisika kwenye pengo hili.

Katika safari ya kumtembelea mdogo wangu aliyehamia Glasgow, nilivuka kwa feri kutoka Kennacraig kwenda kisiwa cha Islay, magharibi ya Scotland. Ni kisiwa cha kondoo, mboji na viwanda vya wiski, chenye wakazi elfu tatu na kitu. Ncha yake ya kusini magharibi, karibu na kijiji cha wavuvi cha Portnahaven, imeelekea bahari ya Atlantiki bila kizuizi chochote hadi Amerika. Hapo Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast kilijenga mtambo wa kwanza wa kilowati 75 mwaka 1991, na mwaka 2000 ukajengwa mkubwa zaidi ulioitwa LIMPET, wa kilowati 500. Ndio uliokuwa mtambo wa kwanza wa mawimbi wa kibiashara kuingiza umeme kwenye gridi ya Uingereza.

Niliusikia kabla sijauona. Unapita njia ya shamba, upepo unakupiga usoni, na kutoka nyuma ya majabali inakuja sauti ya hewa inayopanda, inafika juu, inakatika kidogo, kisha inavutwa kurudi. Wimbi la pili linaianza upya. Kwa macho hapakuwa na kitu cha ajabu: zege la kijivu lililolala kwa mshazari kwenye jabali, upana wake kama mita 20, na nyuma yake jumba la mashine lisilo na dirisha. Nilishika reli ya chuma karibu na ngazi nikahisi inatetemeka kidogo kila hewa ilipopita. Boliti za mlangoni zilikuwa zimekwishapata kutu ya rangi ya chungwa, ya aina tunayoijua sisi watu wa pwani, ile inayorudi hata ukipaka rangi mara mbili. Hapakuwa na harufu ya mafuta. Kwa mtu aliyekulia kwenye majenereta, nguvu zote zile bila harufu ya dizeli ni jambo linaloingia moyoni.

Namna ulivyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Chukua glasi tupu, igeuze mdomo chini, uizamishe kidogo ndani ya ndoo ya maji, kisha uyapandishe na kuyashusha maji ya ndoo. Hewa iliyo ndani ya glasi inabanwa na kuachiwa. Toboa tundu juu ya glasi, na hewa itatoka kwa kasi maji yanapopanda, itaingia kwa kasi maji yanaposhuka. LIMPET ilikuwa hivyo: chumba cha zege kilicho wazi chini ya usawa wa maji, na kwenye tundu lake imewekwa turbini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na hewa na kuzungusha jenereta. Tatizo la hewa hiyo ni kwamba kila baada ya sekunde chache inageuza njia. Profesa Alan Wells wa Belfast alilitatua katika miaka ya 1970 kwa mapanga yenye umbo sawa pande zote mbili. Hewa ikitoka au ikiingia, gurudumu linaendelea kuzunguka upande uleule. Hakuna gia wala cha kugeuzageuza, na chuma kinachozunguka hakigusi maji ya bahari.

Kabla yake, Yoshio Masuda wa Japani alishafanya kitu cha namna hiyo kwa udogo: maboya ya kuongozea meli yanayowasha taa zake kwa pumzi ya wimbi. Yalianza kuuzwa katika miaka ya 1960. Hadi leo naona hiyo ni moja ya kazi za busara zaidi zilizowahi kufanywa katika fani hii, kwa sababu mzigo ulilingana na mashine. Taa moja, boya moja, na bahari yenyewe haiendi popote.

Wakubwa waliingia baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973. Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alichapisha makala yake katika jarida la Nature mwaka 1974, akaeleza chombo chenye umbo la tone kinachonesanesa juu ya wimbi na kunyonya sehemu kubwa ya nguvu yake. Kilijulikana kama bata wa Salter. Serikali ya Uingereza ikatoa fedha za utafiti, lakini ilitaka mitambo mikubwa ya megawati maelfu kwa ajili ya taifa zima, na mwaka 1982 mpango huo ukakatwa. Natamani wangeanza na visiwa. Kwenye gridi ya taifa wimbi linashindana na makaa ya mawe na gesi. Kisiwani linashindana na lile pipa la dizeli lililovuka bahari, na hapo lina nafasi.

Turudi Islay. LIMPET haikufikia kilichotarajiwa. Kina kidogo cha maji mbele yake kiliyapunguza mawimbi nguvu kabla hayajafika chumbani, na baadaye uwezo wake ulishushwa hadi kilowati 250. Ilifungwa miaka kumi na ushei baada ya kuzinduliwa, mitambo ikaondolewa, zege likabaki jabalini. Lakini siihesabu kuwa hasara. Ilikuwa mahali pa kujifunzia, na mashine zilizojaribiwa pale zilizaa nyingine nitakazozitaja.

Kisiwa cha Pico, katika Azores za Ureno, kina kisa kinachoniuma zaidi. Azores ni visiwa tisa katikati ya Atlantiki, kila kimoja na umeme wake peke yake. Pico ni mlima wa volkano wenye mita 2,351, umezungukwa na mawe meusi, bahari yenye kina ipo hatua chache kutoka pwani. Wataalamu wa Lisbon, miongoni mwao António Falcão, walijenga hapo chumba cha zege cha mita 12 kwa 12 ndani ya ufa wa asili wa jabali, wakaweka turbini ya Wells ya kilowati 400. Ujenzi ulikamilika mwaka 1999. Bahari ilikuwa imeshaanza kuujaribu mtambo ukiwa bado unajengwa. Maji yaliingia kwenye mitambo, vifaa vya umeme vikaharibika, na kwa miaka kadhaa ukakaa kimya. Kuanzia mwaka 2003 kituo cha utafiti cha Lisbon kiliufufua, ukaendeshwa kwa moyo kuliko kwa fedha, ukitoa umeme kidogo na elimu nyingi. Ukuta wa chini ya maji ulikuwa ukiliwa polepole. Aprili 2018 sehemu ya jengo ikaporomoka baharini.

Wanaoipinga teknolojia hii huitaja Pico kuwa ushahidi kwamba mawimbi hayafugiki. Mimi naona jingine. Turbini ile ilizunguka katika bahari moja ya zile kali kabisa, na wimbi lilitoa umeme, halikukataa. Kilichokosekana kila mara kilikuwa fungu la matengenezo: fedha ya kuziba ufa ungali mdogo, na watu wa kukaa hapohapo kisiwani mwaka baada ya mwaka wakijua kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Wafadhili hupenda kukata utepe. Grisi na boliti hazina sherehe.

Wapo waliotaka kuikwepa pwani wakaenda kilindini. Visiwa vya Orkney, kaskazini ya Scotland, vina kituo cha majaribio ya nishati ya bahari kilichoanzishwa mwaka 2003, EMEC, ambako mashine za dunia nzima huletwa kujaribiwa. Hapo mwaka 2004 Pelamis, joka jekundu la chuma lenye viungo na urefu wa mita 120, lilikuwa mashine ya kwanza inayoelea baharini kuingiza umeme wa mawimbi kwenye gridi ya taifa. Mwaka 2008 majoka matatu yalipelekwa Aguçadoura, Ureno. Hayakumaliza mwaka. Viungo vilileta shida, mwekezaji mkubwa akaanguka katika msukosuko wa fedha wa mwaka ule, na Novemba 2014 kampuni ya Pelamis yenyewe ikafilisika. Mashine iliyofungwa nanga kilomita kadhaa nje haitembelewi na fundi mwenye bisibisi. Inahitaji meli, na meli inahitaji bahari shwari, na mashine imewekwa hapo kwa sababu bahari si shwari.

Juhudi za kilindini hazijafa. Kampuni ya CorPower ya Sweden iliweka boya lake la kilowati 300 palepale Aguçadoura mwaka 2023, nalo likahimili dhoruba za vuli zenye mawimbi ya zaidi ya mita 18. Boya hilo linajua kujilegeza wimbi likizidi, kama nahodha anavyopunguza tanga. Hiyo ni hatua kubwa, na ninaifuatilia kwa matumaini.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mji mdogo wa wavuvi, Mutriku, katika nchi ya Basque kaskazini ya Hispania. Sio kisiwa. Bandari yao ilihitaji ukuta wa kuzuia mawimbi, na serikali ya jimbo ilikuwa inaujenga kwa vyovyote. Wakaamua sehemu ya ukuta huo iwe na vyumba 16 ndani yake, kila chumba na turbini yake ndogo ya kilowati 18.5. Jumla ni kilowati 296. Ilizinduliwa mwaka 2011, na turbini zake ni ndugu wa zile zilizojaribiwa Islay. Gharama kubwa, yaani zege, ilikuwa imeshalipwa na bandari. Moja ikiharibika, kumi na tano zinaendelea, na fundi anafika kwa miguu akipita ndani ya ukuta, akiwa mkavu. Miaka zaidi ya 10 baadaye bado ilikuwa inapeleka umeme mjini. Kilowati 296 ni ndogo mno kwa gazeti la Madrid, lakini nikizitia katika hesabu ya kijiji chetu cha nyumba 100 hata nusu yake inanitosha na kubaki.

Upo pia mfano wa kisiwa chenyewe. King Island ipo kati ya Tasmania na bara la Australia, watu wake ni kama 1,600, wafugaji na watengeneza jibini. Walianza na dizeli, mwaka 1998 wakaongeza mitambo ya upepo, kisha jua, betri na gurudumu zito la kusawazisha umeme. Sasa kuna saa ambazo majenereta huzimwa kabisa. Mwaka 2021 kampuni ya Wave Swell Energy ilileta mtambo wa majaribio wa kilowati 200 ulioburutwa majini hadi bandari ya Grassy na kukalishwa juu ya sakafu ya bahari karibu na pwani. Wao waliurahisisha uvumbuzi wa Wells: wimbi likipanda, hewa hutoka bure kwenye vali. Likishuka, vali hujifunga na hewa huvutwa kupita kwenye turbini kwa njia moja tu. Kila kilichosogea kilikuwa juu ya maji. Linalonivutia hapo ni kwamba mawimbi hayakuambiwa yaendeshe kisiwa peke yao. Yalikaribishwa kwenye umeme ambao tayari ulikuwa na upepo, jua na betri, na kazi yao ilikuwa kujaza pale wengine wanapopungua.

Je, sisi? Hapa lazima niseme ukweli hata kama unapunguza raha ya habari. Tuko karibu na ikweta, mbali na dhoruba kubwa zinazolisha pwani za Scotland na Ureno. Kilindi cha Atlantiki magharibi ya Scotland kina wastani wa kilowati 50 na zaidi kwa kila mita. Bahari yetu haifiki huko. Nguvu yetu huja na kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, na kaskazi huleta bahari nyepesi. Kusi hilohilo likishatupita huenda kumwaga mvua India, na pwani ya Kerala, katika bandari ya wavuvi ya Vizhinjam, wahandisi wa India walijenga mtambo wa chumba cha hewa wa kilowati 150 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye waliutumia kujaribu kusafisha maji ya chumvi. Wenzetu wa bahari moja na sisi walishajaribu, na uzoefu wao ungetufaa kuliko wa Scotland.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwetu analiona mara moja akitazama ramani. Mawimbi ya Unguja, Pemba na Mafia yapo mashariki. Bandari zetu, Malindi, Mkoani, Wete, Kilindoni, ziko magharibi, kwa sababu wazee walitafuta mahali pa utulivu. Kwa hiyo njia ya Mutriku haitufai kirahisi: tukijenga ukuta bandarini, hatutapata wimbi la maana la kuuendesha. Na huko mashariki mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi nje kabla hayajafika ufukweni. Asije mtu akafikiri kuutoboa mwamba ili apate umeme. Nguvu inayopotea pale ndiyo inayotubakishia fukwe, mashamba ya mwani na nyumba zetu. Kwa visiwa hivi vitatu naamini jua na betri vitangulie. Paneli haina beringi, na kijana wa skuli anaweza kufundishwa kuitunza.

Ngazidja, kisiwa cha Komoro, ni habari tofauti. Umeme wa Komoro kwa sehemu kubwa ni wa dizeli. Kisiwa ni mlima wa moto, Karthala, wenye mita 2,361, karibu sawa kabisa na ule wa Pico. Pwani yake sehemu nyingi ni mawe meusi ya volkano na kilindi kipo karibu. Bila shaka Madagaska inakikinga na sehemu ya mawimbi ya kusini mashariki, na hakuna wa kukisia wimbi linalobaki akiwa ofisini. Linapaswa kupimwa. Pia ikumbukwe Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipopita kaskazini ya kisiwa hicho. Mashine yoyote itakayojengwa kwenye mawe yale ijengwe kwa ajili ya usiku kama ule.

Wanaopanga umeme wa visiwa vyetu, nawaomba mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Wekeni boya la kupimia mawimbi kwenye bahari iliyo wazi, lipime mwaka mzima, kusi na kaskazi na matlai, na takwimu zake zitolewe hadharani kila chuo na kila fundi azisome. Na siku atakapokuja mwekezaji na mashine ya mawimbi, mkataba usitiwe saini mpaka uwe na fungu la vipuri la miaka isiyopungua 10 na fedha za kuwasomesha vijana wa kisiwa hichohicho kuitengeneza.